Binti Asiyelia na Kitabu Kisicho na Jalada

Alasiri moja, mvua ya Tukuyu ikiwa imeishika milima kama mgeni aliyekuja kukaa na si kupita, msichana mmoja aitwaye Subilaga alipitiwa na usingizi kwenye benchi la ukumbi wa kanisa, kitabu kikiwa wazi kifuani pake, akaota ndoto. Lakini kila ndoto ina siku iliyoizaa, na siku ya Subilaga ilianza vibaya tangu asubuhi.

Baba yake, mzee Mwakalobo, dereva wa lori la majani ya chai, alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi wa kushika fimbo. Honi ya lori lake ikisikika kule barabarani, redio ilizimwa, wadogo walikaa vizuri, na hata mama alijifunga upya khanga yake. Siku alipozikwa, watu walilia mpaka sauti zikakauka, lakini Subilaga, mtoto wake wa kwanza, binti wa kidato cha tatu, alisimama kando ya kaburi na macho makavu. Hakuyazuia machozi. Aliyatafuta asiyapate, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye mpini wa jembe moja la wachimba kaburi, uliopasuka na kufungwa kwa waya, akawa anajiuliza ni nani aliyeufunga na kwa nini hakukata mpini mwingine. Waliomwona walinong'ona, na mnong'ono ukasafiri.

Asubuhi ya siku ile, shangazi yake Tusekile, dada wa marehemu, alimfuata uani alikokuwa akiosha vyombo.

"Subilaga, kesho ukoo unakaa kumaliza msiba wa baba yako," alisema. "Wewe ndiwe mkubwa. Utasimama umuage mbele ya watu, na safari hii nataka nione machozi."

"Yasipokuja, shangazi?"

"Yasipokuja, yatafute. Watu wananiuliza kama ulikuwa na kinyongo na kaka yangu, nami sina la kuwajibu. Usipolia kesho, utapiga magoti umwombe marehemu msamaha, wote wakisikia. Mtoto asiyemlilia baba yake ana jambo."

Subilaga akamtazama mama yake, aliyekuwa karibu na mafiga akikoroga uji. Mama hakuinua uso. Aliendelea kukoroga, mwiko ukizunguka na kuzunguka, na kimya kile kilimchoma binti kuliko maneno yote ya shangazi.

Baadaye walimtuma arudishe kanisani sufuria zilizoazimwa wakati wa msiba. Mtunza ukumbi, mwanamke mnene mpole aliyeitwa Mama Gwantwa, alizipokea akaanza kuzipanga, na Subilaga, asiyetaka kurudi nyumbani upesi, akawa anazungukazunguka ukumbini. Pembeni palikuwa na rafu ya vitabu vya nyimbo vilivyochakaa, na katikati yake kimebanwa kitabu kinene kisicho na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimechanika, jina la kitabu halipo, la mwandishi halipo. Hakukichukua kwa sababu yoyote zaidi ya kutaka kujua ni nini. Akafungua pale hadithi ilipoanzia, akasoma: "Watu wote walinitazama waone kama nitalia, na mimi nilikuwa nikitazama vifungo vya joho la mchungaji, maana kimoja hakikufanana na vingine."

Akasoma tena. Akashtuka kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa katika mji wa ugenini. Ilikuwa riwaya, na aliyesimulia humo alikuwa msichana asiyejitaja jina, aliyefiwa na baba, asiyelia. Subilaga hakuwahi kumwambia mtu yeyote juu ya ule mpini wa jembe. Huyu alijuaje?

"Mama Gwantwa, naomba kukiazima hiki."

"Chukua, mwanangu, hapo kinaliwa na mende tu. Ila kaa kwanza mvua ipungue, usije ukakilowesha."

Akaketi kwenye benchi, akasoma kwa pupa kama mwenye kiu aliyefika kisimani, ukurasa baada ya ukurasa, huku mvua ikipiga bati juu yake kwa sauti moja isiyobadilika. Usiku uliopita hakuwa amelala sawasawa. Maneno yakaanza kuogelea machoni, kichwa kikaegemea ukuta, na ukumbi ukamtoka.

Akajiona yuko katika nchi ambayo mvua yake hainyeshi kwenda chini, bali huchipuka ardhini na kupanda polepole kuelekea mawinguni, tone kwa tone, kila tone likibeba mwanga mdogo kama wa kimulimuli. Majani ya huko yalikuwa yamekauka kwa juu na kulowa kwa chini, na njia zake hazikuwa zimekanyagwa na watu wengi. Subilaga alishangaa kuliko alivyoogopa. Alinyoosha kiganja kukinga tone moja, nalo likamgusa, likapumzika kidogo, kisha likaendelea na safari yake. Ndipo alipohisi kwamba vazi lake linavutwa kwa nyuma. Alitaka kugeuka, lakini sauti nyembamba ikamwambia sikioni: usigeuke, watu watakuona. Basi akawa anakwenda bila kugeuka, na kila alipokwenda vazi lilizidi kuwa zito, kana kwamba mtu aliyelishika ananenepa.

Mbele kidogo alimkuta mwanamke wa makamo, miguu yake imejaa tope hadi magotini, na khanga yake imefungwa mafundo mafundo kila pembe. Katika fundo hili palichungulia mbegu, katika lile ufunguo, katika jingine unyoya wa ndege. Alikuwa ameinama akitazama jinsi tone linavyong'oka ardhini, na hakuona haya kukutwa ameinama.

"Shikamoo, mama," alisema Subilaga.

"Marahaba, binti. Naitwa Udadisi. Ndimi niliyekusimamisha mbele ya ile rafu. Unakwenda wapi na mzigo huo nyuma yako?"

"Sijui ni mzigo gani. Nimeambiwa nisigeuke."

"Na nani?"

Subilaga hakuwa amejiuliza. Udadisi akatabasamu, akasema kwa taratibu, "Mimi si mwenyeji wa kukuonyesha njia, mwanangu. Njia siijui. Ninachojua ni kuuliza, na mara nyingi swali zuri hufika kabla ya miguu. Hatujachelewa. Geuka ulitazame linalokuvuta, kisha uniambie lina sura gani."

Akageuka. Alikuwa kibibi mmoja amejitanda gubigubi, ameshika pindo la vazi lake kwa mikono yote miwili, na jina lake lilikuwa Aibu. Alipoona anatazamwa, alianza kusinyaa. Alisinyaa mpaka akawa kimo cha mtoto, akajificha uso kwa kiganja, ila pindo hakuliachia.

"Haendi?" Subilaga aliuliza.

"Hajaenda bado," alisema Udadisi. "Lakini umeona kwamba hapendi kutazamwa. Twende naye hivyo hivyo, mdogo huyo anabebeka."

Wakaenda hadi penye kibanda cha fundi mmoja mwanamke, mkongwe lakini mnyoofu wa mgongo, aliyeshona nguo nyeusi za msiba kwa cherehani ya mguu. Huyo alikuwa Desturi. Nguo zake zilining'inia kila mahali, na zote zilikuwa za kimo kimoja. Subilaga alipojaribisha moja, mikono ilimpita na shingo ikambana. Akaogopa kulalamika, lakini Udadisi alimgusa kiwiko, naye akauliza kwa adabu, "Bibi, kwa nini hukupima kwanza?"

Desturi akasimamisha mguu wake. Ilionekana si wengi waliowahi kumuuliza. "Wanaokuja kwangu," alisema, "huja wamechanganyikiwa. Wamefiwa, hawajui waketi wapi, washike nini, waseme nini. Nikianza kuwapima watalala njiani wakingoja zamu. Basi nawapa nguo moja, wote wafanane, ili asiwepo wa kukaa uchi. Sikuishona kwa ubaya. Lakini anayejua kimo chake anaweza kuipunguza, mradi asiitupe matopeni." Akampa sindano na uzi. Subilaga akapokea kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hakumwonea hasira mtu.

Walipoendelea walisikia vilio, wakatokea kwenye soko. Lilikuwa soko zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona, limetandikwa mikeka mipya, na juu ya mikeka chupa ndogondogo za kila rangi, zimejaa machozi. Mwenye soko alikuwa kijana mtanashati, sauti yake laini kama mafuta ya nazi, akiitwa Unafiki. Alimkaribisha Subilaga kwa jina.

"Dada Subilaga, nimesikia ya kesho. Pole sana. Shangazi yako ni mtu wa haki, anataka tu kuona. Chukua chupa hii, ipake machoni, utalia hadi wageni waombe upumzike. Hakuna atakayekusengenya tena."

Subilaga aliitazama ile chupa, naye aliitaka. Aliitaka kwa moyo wote, kama mtu aliyechoka kusimama anavyotaka kiti. "Nitakupa nini?" aliuliza.

"Kitu kidogo. Kumbukumbu moja tu ya baba yako, ile ya homa."

Aliijua. Alikuwa bado mdogo, amepandwa na homa kali, lori liko gereji, na baba yake alimbeba mgongoni chini ya mvua mpaka zahanati, njia nzima bila kusema neno. Walipofika alimshusha barazani, akamfuta uso kwa kofia yake, akamkaripia kwa kuwa mzito. Subilaga hakuwahi kuisimulia kumbukumbu hiyo, maana hakujua aiweke wapi. Haikukaa vizuri pamoja na fimbo.

"Ataifanyia nini?" Udadisi alinong'ona. Kisha akasema, "Waulize waliokwisha kununua."

Subilaga akamwendea mwanamke mmoja aliyelia kwa uchungu hata mabega yakamtikisika. "Mama, unamlilia nani?"

Mwanamke akaacha kulia, akafikiri, uso ukawa mtupu. "Sijui, mwanangu," alisema. "Lakini nalia vizuri, sivyo? Wote wamenisifu." Akapaka tena, akaendelea.

Subilaga akairudisha chupa juu ya mkeka. Unafiki hakukasirika, maana yeye hakasiriki. Alimwambia tu kwamba soko halifungwi, na akitaka arudi wakati wowote.

Wakaliacha soko wakapanda kilima, mvua ikipanda pamoja nao, hadi penye nyumba isiyo na mlango wala pazia. Ndani aliketi mwanamke mwenye uso wa kawaida kabisa, uso ambao ungepishana nao sokoni usiukumbuke, ungo mapajani, akichambua mchele. Udadisi akasimama kizingitini. "Huyu ni Ukweli," alisema. "Mimi nakomea hapa. Kazi yangu ni kuwafikisha watu kwake. Kuingia ni kwao wenyewe."

Subilaga akaingia na Aibu yake mkononi kama mtoto. Pembeni mwa Ukweli aliketi msichana wa umri wake, naye akichambua, na Subilaga akamjua kabla hajaambiwa. Alikuwa yule wa kwenye kitabu. Hakuwa mzuri kama wasichana wa hadithi. Alikuwa na kucha zilizotafunwa na macho ya mtu anayependa kutazama vitu vidogo.

"Karibu," alisema msichana. "Na wewe ulikuwa ukitazama nini siku ile?"

"Mpini wa jembe."

"Ulikuwaje?"

"Umefungwa waya."

Msichana akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayepokea habari muhimu, na Subilaga akahisi kitu kikilegea kifuani mwake, kwa kuwa katika dunia nzima hakuwa amekutana na mtu ambaye angeuliza mpini ulikuwaje.

Ndipo Ukweli akasema, bila kuacha kazi yake, "Sina zawadi, binti. Nina swali moja tu. Walipokuletea habari kwamba baba yako amekufa, ulihisi nini kwanza?"

Aibu akamziba mdomo. Subilaga akautoa ule mkono mdogo taratibu. "Nafuu," alisema. Neno lilidondoka kwenye ungo kama punje, na nyumba haikuanguka. "Nilihisi nafuu. Nikafikiri, leo honi haitalia. Halafu nikaogopa kwamba mimi ni mtu mbaya. Halafu jioni honi haikulia kweli, nikakaa nikiisikiliza."

Ukweli akapepeta. Mapepe yakaruka, akainama akatazama kilichobaki. "Nafuu imebaki," alisema. "Na kuisikiliza honi kumebaki. Nimepepeta miaka mingi, na watu huniletea moja wakidhani nitalitupa jingine. Mara nyingi yote mawili ni mchele." Alipogeuka, Subilaga aliona kwamba mkononi mwake hamna mtu tena.

Akamwuliza msichana wa kitabu lile alilotaka kujua kuliko yote. "Wewe, mwishoni, ulilia?"

"Sijui," alisema yule. "Hujafika huko. Mimi hufika pale tu unapofika wewe."

"Na aliyekuandika alijuaje habari zangu?"

"Hakujua zako. Alisema zake."

Subilaga akafungua kinywa aulize zaidi, na mkono ukamshika bega.

"Amka, mwanangu, mvua imekatika," alisema Mama Gwantwa. "Ulikuwa ukiongea usingizini."

Alikwenda nyumbani amekibana kitabu kwapani, njia ikiwa na madimbwi kila mahali, na akilini akilizungusha lile jibu la mwisho. Hakujua, alisema zake. Alilielewa nusu. Alielewa kwamba mahali fulani aliishi mtu, au aliwahi kuishi, ambaye alisimama kaburini na macho makavu akadhani yuko peke yake, kisha siku moja akaketi akasema. Kwa hiyo Subilaga hakuwa mtu mbaya wa kipekee aliyezaliwa katika nyumba ya Mwakalobo. Nusu ya pili ilimjia kesho yake.

Ukoo ulikaa sebuleni, wanaume kwenye viti, wanawake mikekani. Baba mkubwa Ambokile, kaka wa marehemu, alisali, kisha akamwita binti mkubwa aseme. Subilaga akasimama. Aliona macho yote yakimtazama yaone kama atalia. Kwa kitambo kidogo aliikumbuka ile chupa.

"Sikulia siku ya mazishi," alisema, "na leo pia machozi hayajaja. Sitawadanganya. Nilimwogopa baba. Alipokufa nilihisi nafuu, na nafuu hiyo ikaniogopesha kuliko kifo chenyewe. Lakini nilipokuwa mdogo alinibeba mgongoni kwenye mvua mpaka zahanati, akanifuta uso kwa kofia yake. Huyo naye alikuwa baba. Jioni bado naisikiliza honi. Sijui jambo hilo linaitwaje, lakini ndilo nililo nalo. Baba, kwaheri."

Shangazi Tusekile alikuwa amekaza uso. "Mnasikia wenyewe," alisema. "Nafuu. Mtoto anahisi nafuu kwa kifo cha baba yake. Na apige magoti."

"Hapigi," alisema mama.

Watu wakageuka. Mama wa Subilaga alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, na tangu msiba uanze hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya asante na karibuni. Hakuinua sauti. "Wifi, niwie radhi. Aliyoyasema mtoto ni yangu pia. Nafuu, na hofu yake, na kusikiliza jioni. Nilidhani ni mimi peke yangu nikaona haya. Akipiga magoti yeye, nitapiga na mimi."

Hapo ndipo nusu ya pili ilipomfungukia Subilaga, akiwa amesimama katikati ya sebule. Yeye alisema yake tu, hakuwa akimjua mama yake kwa ndani, na mama akajikuta humo.

Baba mkubwa Ambokile akakohoa, akatazama sakafu. "Ndugu yangu alikuwa mkali," alisema. "Tulikuwa tukilijua jambo hilo tukanyamaza. Mtoto amemuaga baba yake. Yatosha."

Shangazi Tusekile alibaki akiushika ukingo wa khanga yake, akiukunja na kuukunjua. Wengine walipoanza kuinuka kwenda kunawa mikono, alisema, kama anayeongea na ile khanga, "Mimi alinibeba pia, tulipokuwa watoto. Mtoni, maji yalipojaa. Alinitukana njia nzima." Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, akaacha nafasi ya kutosha mtu mmoja, na Subilaga akaenda akaketi hapo.